Aliangukia Nani?

Wambui,

Umetoka hapa saa nane kwenda kusukwa na umesema utarudi kabla ya giza. Nakujua wewe na nywele zako, na huyo dada wa saloni ana mdomo mwepesi kuliko mikono, kwa hivyo nina masaa matatu, labda manne. Nimeamua kuandika kwa sababu kusema kumenishinda. Wiki tatu sasa tunaishi nyumba moja kama wapangaji wawili. Unaniuliza kama pasi imepoa. Nakuuliza kama umepata adapta ya stima ya huko. Basi. Kesho Jumapili, saa nane mchana, gari inakuja kukupeleka uwanja wa ndege, uende Ufaransa miaka miwili, na mimi nibaki hapa mtaani Free Area na mashine zangu za kufua na jambo nililokuficha tangu uzaliwe. Ai, hapana. Afadhali unichukie kwa kitu unachokijua.

Mambo ya sweta sitasema. Sweta ziko tatu ndani ya sanduku, nimezipanga, nikazipangua, nikazipanga tena, na ukishindwa kufunga zipu ujue ni mimi. Mambo ya kula vizuri, kulala mapema, kuchagua marafiki, hayo nimeyasema mpaka unayaimba ukiniiga sauti. Usifikiri sikukusikia ukimwigizia Nelly pale kwa kamba ya nguo, mkicheka mpaka mkashikana.

Nelly. Ona sasa, nimefika kwake na hata sijaanza.

Wacha nianze na hao Wafaransa wako, maana wao ndio walioleta vita nyumbani kwangu. Ilikuwa Desemba, umekuja likizo kutoka Nairobi, umekaa jikoni na laptopu juu ya mapaja, mimi namenya viazi. Ukaniuliza, "Mami, mtu anayesema raha ya mwili si dhambi, na kwamba kanisa lisimwambie mtu atalala na nani, tunamwita nani kwa Kiswahili?"

Nikajibu bila kugeuka, "Malaya."

Ukacheka. "Hawa ni wanaume, Mami. Wasomi. Wengine wana vyeo."

"Basi ni wahuni."

"Wahuni ni vijana wa stendi."

"Wafuska?"

"Hiyo imekaa ya mahubiri."

Tulitafuta hilo neno mpaka vile viazi vya kwanza vikaungua. Ya wanawake tulikuwa nayo mengi, tena makali, unaweza kumrushia mtu akalia. Ya wanaume yote yalikuwa na kicheko ndani. Mwishowe ukaandika neno lao vilevile lilivyo, walibertini, na ukaniambia kazi yako ya huko itakuwa kuwasoma hao: waliandika nini, waliishi vipi, na nani alilipia maisha hayo. Nikauliza kama kweli kuna serikali inayotoa pesa mtu asomee uhuni wa karne ya kumi na nane. Ukasema ipo. Nikasema Mungu ni mwema.

Lakini nilikuwa nasikiliza, Wambui. Nilisikiliza kuliko ulivyodhani. Ulinieleza kwamba nchi ile zamani hizo mapadri walikuwa na neno la mwisho kuhusu kitanda cha kila mtu, na huku mabwana wakubwa, na maaskofu wengine ndani, wana vimada wanaojulikana mpaka na mlinzi wa lango. Basi hao waandishi wakasema tuache unafiki, tamaa si shetani, ni maumbile tu, kama njaa. Wakaandika vitabu. Vikakatazwa, vikauzwa chini ya makoti, na wauzaji kwa kujificha wakaviita vitabu vya falsafa. Hapo nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimewatangazia akina mama kanisani, kifua mbele, kwamba binti yangu anaenda kusomea falsafa.

Ukanieleza pia kwamba katika vitabu vyao vingi anayeongea ni mwanamke, anasema wazi anavyotaka, lakini aliyeshika kalamu ni mwanamume. Nikakuambia kamati yetu ya kanisa ni kinyume chake, wanaume wanasema na mimi katibu naandika. Ukanitajia na yule mwingine aliyeandika kitabu kizima cha kulea watoto na watoto wake mwenyewe akawapeleka nyumba ya watoto wa kuokotwa, mmoja baada ya mwingine. Ulisema huyo si wa kundi hilo hasa. Mimi namuweka humo humo, utanisamehe.

Kisha ukafika kwa barua ya mfalme. Ukasema familia ikiwa haipendi mwenendo wa mtu wake, binti au kijana au mke, ilikuwa inaweza kuomba barua yenye sahihi ya mfalme, na bila kesi, bila kuulizwa hata neno, mtu huyo anachukuliwa na kufungiwa. Mabinti wengi walifungiwa kwa watawa. "Na ubaya ni huu, Mami," ukasema. "Mara nyingi si mfalme aliyetaka. Ni watu wa nyumbani waliomwomba."

Nikajikata kidole. Ukakimbia kuleta kitambaa, ukasema hicho kisu ni kikali mno kwa viazi. Hakikuwa kisu, Wambui. Barua ya Nelly ilikuwa ndani ya mkoba wangu wa kanisa kwa siku ya kumi sasa, imeandikwa, imekunjwa, haijapelekwa.

Nimetoka kidogo kuangalia lango. Nilidhani nimesikia viatu vyako. Ni jirani anagonga mabati.

Barua hiyo unaijua kwa maneno, lakini wacha niiseme mwenyewe isikae kama kitu cha kamati. Ilisema kwamba Nelly amepatikana na mimba nje ya ndoa, kwamba amesimamishwa kwaya na Meza ya Bwana, na kwamba ataketi benchi la nyuma mpaka siku atakayosimama mbele ya kanisa kutubu. Wanakamati tulikuwa saba. Hakuna aliyeuliza baba wa mtoto ni nani, kwa sababu tulimjua sote, na baba wa kijana huyo alikuwa amekaa pale mezani na sisi akinywa chai. Niliiandika kwa mkono wangu. Na baada ya siku ile ya viazi, baada ya kukusikia na kukuelewa vizuri kabisa, Jumapili iliyofuata nikaipeleka kanisani.

Hilo ndilo hujui. Wewe unadhani niliandika kwa ujinga. Sikuwa mjinga. Nilijua, nikapeleka.

Halafu ukarudi mwezi uliopita, umemaliza kazi Nairobi, ukaingia kanisani ukamwona rafiki yako wa Shule ya Jumapili ameketi nyuma karibu na mlango na mtoto wa miezi minne. Tukiwa njiani kurudi ukaniuliza, "Mami, Nelly alifanya nini?"

Nikasema, "Alianguka."

"Aliangukia nani?"

Nilikaza mwendo, unakumbuka? Ukaja nyuma yangu na vumbi lile la Nakuru linatuingia midomoni, unauliza tena kwa sauti, watu wanageuka. "Nauliza aliangukia nani, kwa sababu mtu haanguki peke yake akaokota mtoto chini. Na huyo aliyemwangukia nimemwona leo, yuko mbele pale anapiga gitaa!"

Jioni ukaja na ile karatasi Nelly aliyokupa. Ukaiweka juu ya meza, ukaweka kidole. "Hii k yenye mkia ni yako. Uliniandikia nayo jina kwa kila daftari." Na mimi, badala ya kulia, badala ya kusema kitu chochote cha binadamu, nikasema, "Huo ni utaratibu wa kanisa."

Naweza kukuambia ulivyoniangalia. Sitakuambia. Ulikuwepo.

Sasa sikiliza. Wewe mwenyewe umeketi benchi kama hilo kabla hujazaliwa.

Nilikuwa na miaka ishirini, kwetu Njoro, nimemaliza Form Four na nimepata kazi ya kupiga chapa mitihani katika ofisi ya shule. Baba yako, ambaye unamjua kwa jina tu, alikuja pale muhula mmoja kwa mafunzo ya ualimu. Nilikuambia alinidanganya akatoroka. Hivyo ndivyo nilivyomwambia kila mtu. Ukweli ni kwamba alikuwa na maneno kama ya Wafaransa wako, ingawa sidhani aliwahi kuwasoma. Alisema mwili ni wa mwenyewe. Alisema kanisa linaogopa watu wenye furaha. Nami nilikuwa nimelelewa katika nyumba ambayo hata kucheka meno nje kulikuwa na saa zake, na nikisikia maneno hayo nilihisi kama mtu amenifungulia dirisha.

Na nikuambie kitu ambacho mama hamwambii binti, lakini wewe umesoma makubwa kuliko haya. Nilimtaka. Hakunishika kwa nguvu, hakuniahidi pete. Kazi yangu ya jioni ilikuwa kuwapelekea walimu maziwa, unaacha chupa mlangoni unarudi. Siku hiyo nilijipaka mafuta miguuni kabla ya kutoka nyumbani, na nilijua vizuri kwamba sitaacha chupa mlangoni. Ilikuwa siku ya furaha. Miaka yote hii sijawahi kusema hivyo kwa mdomo wangu, na hata sasa kalamu inateleza.

Muhula ukaisha akaenda. Nilipojua niko na mimba nilimwandikia, akajibu mara moja tu. Alisema kila mtu ni huru na yeye hataki kunifunga. Ilikuwa barua nzuri, hata neno moja baya halikuwemo. Anwani pia haikuwemo.

Kanisa letu la Njoro lilikuwa na benchi lake la nyuma, mahali upepo wa mlangoni unapita, na wewe unaijua baridi ya Njoro. Nilikaa hapo miezi na wewe tumboni unanipiga mateke wakati wa nyimbo. Watu walipopita kwenda kupokea Meza walinizunguka hivi, kama mtu anavyozunguka maji yaliyomwagika. Mama yangu aliketi safu ya pili na hakugeuka hata Jumapili moja. Ukazaliwa. Ulipofikisha miezi mitatu mzee mmoja wa kanisa akaja nyumbani kunisaidia maneno ya kutubu. Nikamwambia nitasema nimekosa, naomba msamaha. Akasema, kwa upole kabisa, "Sema ulidanganywa, mama. Itakuwa rahisi kwa kila mtu."

Nikasimama mbele, wewe mgongoni, nikasema nilidanganywa. Wakapiga makofi. Wakaimba. Bibi yako akalia kwa furaha akaja kunikumbatia, mara ya kwanza mwaka mzima.

Hapo ndipo nilipokosa, Wambui. Maziwa siyajutii. Najutia yale maneno, kwa sababu niliyasema nikiwa nimekubeba, na yalikuwa yanakuhusu. Kama mimi nilidanganywa, basi wewe ni mtoto wa udanganyifu. Si kweli. Ulitokana na jioni niliyoitaka mwenyewe kwa akili zangu timamu. Nimekunyima habari hiyo miaka ishirini na nne, nikakupa badala yake ile ya baba mwovu na mama mjinga, na nikaona nimekulinda.

Nimesimama tena nikafungua sanduku. Nimetoa unga wa ugali uliokataa kubeba, nikaurudisha. Utaukuta.

Baada ya kutubu nilidhani nitaishi nyumbani vizuri. Wapi! Nikichelewa dukani dakika tano, bibi yako ananusa nguo zangu. Nikakufunga mgongoni nikashuka Salgaa, kwa sababu nilisikia kuna lojing'i ya kulala madereva inataka mtu wa kufua shuka. Hiyo ndiyo Salgaa yako ya malori, ambayo ukipita na gari la Eldoret huwa unasema "tuliishi hapa kwa biashara." Biashara ilikuwa ni hiyo. Shuka arobaini kwa siku, maji ya kisima, wewe kwa beseni la plastiki kando yangu unacheza na vibanio.

Pale kulikuwa na mwanamke anaitwa Rose aliyekodisha chumba cha nyuma. Wanaume waliingia, wanaume walitoka, na sitakupamba hilo neno. Mimi niliyetubu mbele ya kanisa zima nilikuwa nageuza uso nikimwona. Yeye aliona mikono yangu imepasuka kwa sabuni, akaja na kopo la mafuta ya mgando, akakaa, akaanza kufua na mimi. Hakuniuliza mtoto ni wa nani. Siku moja dereva mmoja alikuwa nje anawahubiria wenzake kwamba yeye ni mtu huru, hana mke wa kumuuliza, barabara ni yake. Rose akanyanyua shuka lenye doa, akaliangalia, akasema, "Hapa kila mtu ni huru mpaka asubuhi. Halafu mimi na wewe tunafua." Tulicheka mpaka sabuni ikatuingia machoni.

Yeye ndiye aliyekufundisha kutembea. Ulishika kamba ya nguo upande mmoja, akakuita upande wa pili, na shuka za watu zinakupiga usoni.

Nitakayosema sasa yananiuma kuliko yote. Tulipohamia Nakuru ulikuwa na miaka sita, nikaanza kufua kwangu, nikapata kanisa, nikapata heshima. Ah, heshima ni tamu ikiwa uliwahi kuikosa. Siku moja akina mama wa ushirika wako sebuleni kwangu, vikombe vya chai mikononi, na Rose akatokea mlangoni na mfuko wa machungwa. Alikuwa amekuja kukuona. Mwenyekiti akaniuliza, "Na huyu ni nani?"

Nikasema, "Ni mteja wangu."

Rose hakushtuka. Aliweka machungwa chini polepole, akasema, "Nguo zangu ziko tayari, mama?" Ikabidi nimpe kitu. Nikachukua shuka mbili za watu wengine zilizokunjwa, nikamkabidhi mbele ya wale akina mama, akanishukuru akaondoka nazo. Wiki iliyofuata zililetwa na kondakta wa gari la Salgaa. Alikuwa amezifua tena na kuzipiga pasi. Hakuwahi kurudi. Nilipoenda kumtafuta, miaka mingi imepita, chumba kile kilikuwa duka la vipuri na hakuna aliyemjua.

Kwa hivyo ukiniuliza, na uliniuliza ukilia, mwanamke aliyeketi benchi la nyuma anawezaje kumwandikia Nelly barua ile, jibu ndilo hilo. Hapana, hukuniuliza hivyo, hukujua niliketi. Uliniuliza tu, "Uliwezaje?" Niliweza kwa sababu nilikuwa nimeshafanya mazoezi na Rose. Niliogopa kwamba nikimtetea Nelly, mtu wa Njoro atakumbuka. Na kuna jambo lingine baya zaidi. Nilipokuwa naandika, nilisikia raha kidogo. Wote mezani wananingoja mimi nimalize sentensi. Nilikuwa nimevuka kutoka benchi mpaka meza, na nilitaka kuhisi umbali wake. Mungu anisamehe.

Nelly naye amenishinda, unajua? Mwezi wa sita kamati ilimwita atubu, na mimi nilikuwa na kalamu. Mzee mmoja wa hapa akamwambia yale yale ya Njoro, kwamba aseme alidanganywa. Nelly akaweka mtoto begani, akasema, "Nikisema nilikosa, nitasema, na nitaomba msamaha. Lakini sikudanganywa. Nilimpenda. Hamtanifanya niseme uongo ndani ya kanisa." Akarudi benchi lake. Katika kumbukumbu za kikao niliandika kwamba bado ana moyo mgumu. Niliandika kwa hiyo hiyo k yenye mkia. Usiku ule sikulala, na nyingi baadaye, na wewe ulidhani ni presha.

Basi nenda ukawasome walibertini wako. Siwaogopi tena. Nimewafikiria sana nikikunja nguo, pengine kuliko maprofesa wako. Waliona kweli kwamba kanisa lao lilikuwa na mdomo mmoja wa wakubwa na mwingine wa wasichana, na hilo walilisema bila woga. Lakini ukikuta mahali wameandika maneno matamu ya uhuru, nitafutie huko ndani kama yuko mtu aliyefua shuka. Kama yuko, niandikie jina lake. Kama hayuko, andika hivyo kwa kazi yako, waambie mama yako wa Free Area ameuliza.

Na wewe mwenyewe huko, mapenzi yatakuja, si mti wewe. Sitakuambia ufanye nini na mwili wako, maana kila nikijaribu nasikia sauti ya yule mzee. Nakuomba tu ukitaka ujue umetaka, na usipotaka useme hutaki, na baadaye usikubali mtu akubadilishie maneno, awe padri au awe mpenzi. Mimi sikuwa na hayo maneno mawili. Niliazima ya watu, mwanzo ya baba yako, kisha ya mzee wa kanisa, na yote yalinibana.

Jua linashukia mlima Menengai hivi, naona kivuli cha matanki ya maji kimefika mlangoni. Lazima nimalize.

Leo asubuhi nilikuambia naenda kununua sabuni. Nilienda kwa kina Nelly. Nilifika langoni nikarudi. Nikanunua sabuni kweli, nikarudi tena langoni, nikasimama pale kama mdai, mpaka mama yake akatoka kumwaga maji akaniona. Akasema, "Katibu, kuna barua nyingine?"

Nilisema hapana. Nikasema natafuta Nelly. Akaja na mtoto, hakunikaribisha ndani na sikutarajia. Nilimwambia pale pale nje, sabuni mkononi, mambo yote niliyokuandikia hapa, Njoro na maziwa na benchi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama Wambui, mimi unaniambia langoni. Ile barua ilisomwa mbele ya watu wote."

Ana haki. Mimi ndiye niliyeisoma.

Kesho ni zamu yangu ya matangazo. Nitasoma ya vijana, ya harusi, ya kusafisha kanisa, na mwisho nitasoma moja ambalo kamati haijaliona. Ni fupi. Linasema katibu aliketi benchi la nyuma kule Njoro, na aliporudishwa alirudishwa kwa uongo, kwa sababu hakudanganywa na mtu. Linasema barua ya Nelly iliandikwa kwa mkono huo huo na mkono huo unaiondoa. Najua katibu hana uwezo wa kuiondoa. Wataniambia, na watanifukuza ukatibu kabla ya sadaka. Naogopa, Wambui. Nimekuandikia wewe kwanza ili kesho nisiweze kurudi nyuma, kwa maana utakuwa unajua.

Ulisema hutakanyaga kanisa hilo tena na sikulazimishi. Una sanduku la kufunga na gari ni la saa nane. Lakini ibada inaanza saa tatu, na ukija, usinitafute mbele. Nikimaliza kusoma nitashuka nipite katikati, niende nyuma. Benchi la mlangoni linakaa watu wanne, nalijua kwa kulipima Jumapili nyingi. Nelly yuko, mtoto yuko, mimi nitakuwepo.

Nafasi imebaki moja, na ulishawahi kuikalia.

Mami.